Hela imekatwa ATM haijatoka, mzigo umeenda Majengo ya mkoa mwingine: namna ya kufuatilia mpaka upate chako

Mwezi wa sita mwaka jana, asubuhi ya baridi ile ya Mbeya ambayo vidole vinakufa ganzi hata kubonyeza namba ya siri ni kazi, nilienda kutoa laki mbili kwenye ATM moja pale Mwanjelwa, kuna mtu ananisubiri na gunia za viazi kutoka Isyonje anataka hela yake ageuze. Mashine ikahesabu, nasikia kabisa noti zinazunguka ndani, afu kimya. Skrini ikaandika samahani, kadi ikatoka, hela hakuna. Sekunde chache meseji ikaingia, umetoa shilingi 200,000. Nilisimama pale kama dakika tano naangalia ule mdomo wa mashine.

Mlinzi akanambia dada usijali, subiri masaa 24 itarudi yenyewe. Nikasubiri. Siku ya kwanza, ya pili, ya nne, hakuna kitu. Nikaenda benki yenye ile mashine, nikapanga foleni saa moja na nusu, kufika dirishani naambiwa wewe sio mteja wetu nenda benki yako. Benki yangu nako siku hiyo mtandao uko chini, rudi kesho. Kesho nikakuta mtu mwingine kabisa dirishani, hadithi ikaanza upya. Ilichukua wiki tatu na siku mbili kurudishiwa hela niliyoiweka mimi mwenyewe, na yule mtu wa viazi ilibidi nimlipe kwa kukopa.

Naandika hivi kwa sababu mama yangu mdogo yupo Rungwe ndani ndani huko, na kwake yeye kosa la benki ni nauli ya kutoka kijijini mpaka Tukuyu, ikishindikana Tukuyu ni kilomita kama 70 nyingine kuja Mbeya mjini, siku nzima ya shamba imeenda. Anayesema "mama rudi kesho" kwenye kaunta hajui amemwambia nini. Kwa hiyo haya maelekezo nimeyapanga kwa mtu wa namna hiyo, aende mara chache iwezekanavyo na akienda awe na vitu vyote.

Kwanza uelewe ATM inakuwaje mpaka ikukate bila kukupa, ukielewa hili utajua cha kudai. Ukibonyeza kiasi, benki yako inaambiwa kwanza ikate kwenye akaunti, ndo mashine inaruhusiwa kuhesabu noti. Noti zikikwama, mashine inatakiwa itume taarifa nyingine ya kufuta ule muamala. Sasa mtandao ukikatika hapo katikati, ile taarifa ya kufuta haifiki, makato yanabaki. Noti zenyewe zimo humo humo ndani ya mashine, na siku wakifungua kuhesabu zinaonekana kama ziada. Maana yake hela yako haijapotea, ipo, kinachotakiwa ni mtu aunganishe ile ziada na jina lako, na kinachounganisha ni muda, kiasi na mashine ipi. Basi.

Kwa hiyo hapo hapo, kabla hujaondoka, piga picha skrini kama bado inaonyesha kosa, piga picha mashine yenyewe (mara nyingi ina namba yake imebandikwa), risiti kama imetoka itunze, na ile meseji ya makato usiifute. Piga picha hiyo risiti pia maana karatasi zile zikikaa kwenye pochi wino unafutika wote. Kama ATM ipo kwenye tawi na wako wazi ingia umwambie mhudumu aandike, hata kama sio benki yako, ila dai lenyewe peleka BENKI YAKO iliyokupa kadi. Hili ndo liligharimu siku yangu nzima. Benki yako ndo inawasiliana na wenye mashine, wewe huna kazi ya kuzunguka kati yao.

Halafu kuna hii ya saa, tafadhali isome mara mbili. Mimi nilimwambia mhudumu ilikuwa saa mbili na dakika kumi na saba asubuhi, akaandika 02:17. Huko makao makuu wakaenda kuangalia saa nane usiku, hawakukuta muamala wenye shida, wakajibu dai halina msingi. Wiki nzima imeenda hapo! Mashine inahesabu saa kuanzia usiku wa manane, saa mbili yetu ya asubuhi kwake ni 08:17. Sasa hivi nikiandika barua yoyote ya benki naandika zote mbili, "saa 2:17 asubuhi (08:17)", na nikijaziwa fomu na mtu mwingine nasoma hapo kabla sijasaini.

Na sio kusubiri masaa 24 ukiwa umekaa tu. Ni kweli mingine inarudi yenyewe ndani ya siku moja, lakini piga simu huduma kwa wateja siku hiyo hiyo uandikishe, uombe namba ya malalamiko, uandike na jina la aliyekuhudumia na saa. Ikirudi vizuri, isiporudi umeshaanza. Kamera za ulinzi nazo hazitunzi picha milele, kadiri unavyochelewa ndo ushahidi unafutwa.

Siku ukienda tawini usiende na mdomo peke yake. Barua. Najua watu wanaona barua ni jambo la ofisini, ila mimi kilichonisaidia wiki ya tatu ni barua, sio kelele, na nilishapiga kelele wiki ya kwanza nikamliza binti wa watu pale kaunta ambaye hakuwa na uwezo wowote wa kurudisha ile hela, bado naumia nikikumbuka. Andika kwa mkono inatosha, kitu kama hiki:

"Meneja wa Tawi. YAH: KUKATWA SHILINGI 200,000 BILA KUPOKEA FEDHA. Mimi (jina kama lilivyo kwenye akaunti), akaunti namba (iandike yote), tarehe 14 Juni saa 2:17 asubuhi (08:17) nilijaribu kutoa shilingi 200,000 kwenye ATM iliyopo (mahali na namba ya mashine). Fedha hazikutoka lakini akaunti yangu ilikatwa. Kumbukumbu namba ya muamala ni (iko kwenye meseji). Nilitoa taarifa kwa simu siku hiyo hiyo na kupewa namba ya malalamiko (iandike). Naomba nirejeshewe fedha hizo pamoja na makato ya huduma, na nijibiwe kwa maandishi. Nimeambatanisha nakala ya risiti na kitambulisho."

Toa kopi. Ya kwanza wabaki nayo, ya pili wagonge muhuri wa KUPOKELEWA na tarehe, uondoke nayo. Wakisema hatugongi, mwambie kwa upole basi naomba nimwone meneja wa tawi, kaa hapo usitoke. Ule muhuri ndo thamani yote ya safari yako ya siku hiyo, kwa sababu kuanzia hapo hakuna atakayesema hukuwahi kuja.

Hela ikirudi usishangilie ukaenda. Chukua stetimenti uangalie yale makato ya kutoa hela nayo yamerudi? Yangu hayakurudi, nilidai mara ya pili. Ni hela ndogo lakini kama muamala haukufanyika na ada yake haipo.

Benki ikikaa kimya au ikikujibu vibaya, juu yao yupo Benki Kuu. Watu wengi huku wanadhani Benki Kuu ni jengo la Dar es Salaam la mambo ya mawaziri, kumbe ina tawi hapa hapa Mbeya, na ina dawati la kupokea malalamiko ya wateja wa benki. Kuna kanuni za mwaka 2019 za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha, na zinaitaka kila benki iwe na utaratibu wa kushughulikia malalamiko. Ila Benki Kuu haikupokei moja kwa moja, itakuuliza ulishalalamika benki yako? Ndo hapo ile kopi yenye muhuri inafanya kazi. Mimi hata sikufika huko, niliandika tu mwisho wa barua ya pili kwamba nakala itapelekwa Benki Kuu tawi la Mbeya, siku ya nne hela ikaingia. Usiandike kama kitisho cha uongo lakini, andika kama umedhamiria kweli kuipeleka.

Makosa mengine ya benki nitayapitia kwa haraka, ila la majina nitakaa nalo kidogo maana sisi wa huku linatutesa kuliko watu wa mikoa mingine. Majina yetu ya Mwa-, mtu ambaye hajakulia huku anayasikia anavyoyasikia. Mwakyusa inaandikwa Mwakiusa, kesho Mwakusa, Mwaikambo inakuwa Mwakambo. NIDA (wale wa vitambulisho vya taifa) imeandika hivi, benki vile, cheti cha shule kivyake. Siku hela inatumwa kutoka chama cha ushirika au mshahara wa kwanza unaingia, jina halifanani, inarudishwa ilikotoka na hakuna anayekwambia. Nenda kahakikishe sasa hivi ukiwa huna shida, sio siku ya msiba. Omba mhudumu akuonyeshe jina kwenye mfumo, herufi kwa herufi, usimwachie akusomee tu. Kama benki ndo ilikosea na NIDA iko sawa, peleka kitambulisho chako au ile namba ya tarakimu 20, warekebishe, ni kosa lao. Kama ni NIDA ndo imekosea, anzia huko NIDA kwanza. Na kama majina yote mawili umeshayatumia miaka mingi utahitaji kiapo kwa wakili au mahakamani kwamba ni mtu mmoja, ukishapata toa kopi nyingi kabisa maana kila ofisi itataka yake.

Wakulima wa kahawa Mbozi, na wengine mnaolipwa kupitia AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), akaunti namba msimtajie karani kwa mdomo. Mpe karatasi ya benki iliyochapwa anakili akiwa anaiangalia, akimaliza asome kwa sauti wewe ukifuata na kidole. Tarakimu moja ikikosewa kuna mtu mwingine atapokea msimu wako mzima, na benki haiwezi tu kwenda kuchomoa hela kwenye akaunti ya mtu kimya kimya, itabidi waizuie na wamtafute, kwa hiyo kila siku unayochelewa ni siku anayoweza kuitoa. Na wewe ikiingia kwako hela usiyoijua usiiguse, nenda katoe taarifa, ina mwenyewe na analia mahali.

Walimu na watumishi, mkopo ukiisha makato yakaendelea: omba barua ya kumaliza mkopo, peleka nakala kwa mwajiri wako, makato ya ziada dai kwa barua ile ile ya mtindo wa juu ukiambatanisha hati za mishahara za miezi husika. Usiache hata kama ni mwezi mmoja, maana deni lililobaki kimakosa linaweza kuonekana kwenye taarifa zako za mikopo, siku unaomba mkopo kwingine unakataliwa hujui kwa nini.

Kulipia serikalini, kontroo namba (namba ya malipo unayopewa) ina tarakimu 12 na inaanza na 99, kabla hujathibitisha soma jina la taasisi na jina la anayelipiwa. Halijaja jina lako simama hapo hapo.

Kwenye simu ni kasi tu. Umetuma hela kwa simu ikaenda namba isiyo sahihi, usimpigie kwanza uliyemtumia ukamweleza kosa lako, maana ukimshtua anaenda kwa wakala wa jirani anatoa. Piga 100 kwanza, ndo huduma kwa wateja ya mitandao yote, waombe wazuie, au tumia menyu ya kurudisha muamala kama mtandao wako unayo. Kama ilishatolewa inakuwa kazi ngumu kweli, sitakudanganya. Na ukipigiwa na mtu analia "dada nimekosea nimekutumia elfu hamsini naomba unirudishie", usitume wewe kwa mkono wako, angalia salio kwanza, sio meseji, mara nyingi hakuna kilichoingia, na kama kimeingia kweli mwambie apige mtandao wake wairudishe wao. Ile namba ya tapeli itume kwenda 15040. Afu ukishalalamika benki kuna watu wanapiga kujifanya ndo wanashughulikia lalamiko lako, wanaomba namba ya siri. Hakuna mhudumu wa kweli anayehitaji PIN yako kurudisha hela, kata simu.

Sasa mizigo. Mimi nachukua vitenge na vipodozi Kariakoo, vinakuja kwa basi, na mwezi wa tisa boksi langu lilikaa siku sita sehemu ambayo hakuna aliyejua, kumbe limeandikwa "Mama fulani, Majengo" na namba ya simu iliyofutika. Majengo ipo Mbeya, ipo Moshi, ipo Songea, sijui miji mingapi. Soweto vivyo hivyo. Boksi lilikuwa limeshuka Songea linanisubiri.

Tangu hapo naandika hivi na nawafundisha wanaonitumia waandike hivi: jina kamili, simu MBILI, mtaa, kata, wilaya, MKOA kwa herufi kubwa, na postikodi. Postikodi zetu ni tarakimu tano, ukanda huu zinaanza na 5, Mbeya 53, Iringa 51, ya kata yako unaipata kwa mtendaji wa mtaa au kwenye programu ya NaPA ya anwani za makazi. Andika kwa kalamu nzito juu ya boksi, afu karatasi nyingine yenye maelezo yale yale weka NDANI, maana ya juu ikilowa au ikibanduka pale Kitonga kwenye mvua, atakayefungua atajua ni ya nani. Na mikoa hakikisha ni ya sasa, bado kuna watu wanaandika Tunduma, Mbeya, wakati Songwe imekuwa mkoa tangu 2016, na Makambako wanaweka chini ya Iringa wakati Njombe imekuwa mkoa wake tangu 2012, halafu tunashangaa mzigo umepitiliza.

Ukituma kwa basi dai risiti yenye namba, idadi ya vipande, kilichomo na thamani yake. Thamani watu wanaiacha wazi ili walipe kidogo, ukipotea unaambiwa tutakulipa nauli ya mzigo tu na huna pa kushika. Kubeba vifurushi kibiashara kunatakiwa leseni ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano), kwa hiyo uliza, na ukisumbuliwa malalamiko yanaanzia kwa msafirishaji kwa barua (kopi, muhuri, kama benki), wakishindwa unaenda TCRA, ambao ofisi yao ya kanda ya nyanda za juu kusini ipo Mbeya. Posta nao wapo chini ya TCRA hao hao.

Kwa Posta yenyewe, kitu kikubwa ni kutuma kwa rejesta au EMS (huduma ya haraka ya Posta) sio barua ya kawaida kama ndani kuna cheti au hati, kwa sababu ya kawaida haina namba ya kufuatilia na ikipotea imepotea. Ya kufuatilia ina herufi mbili, tarakimu tisa, na herufi mbili za nchi, za kwetu zinaishia TZ. Zinazoanza na E ni EMS, R ni rejesta, C ni kifurushi. Na kuna kitu kizuri hapa ambacho wachache wanakijua, ile tarakimu ya tisa ni ya kupima kama namba imeandikwa sawa. Chukua nane za mwanzo uzizidishe moja moja kwa 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9, 7, ujumlishe, ugawe kwa 11, kinachobaki ukitoe kwenye 11. Mfano 47312482: ni 32+42+12+2+6+20+72+14, jumla 200, ukigawa kwa 11 inabaki 2, 11 toa 2 ni 9, kwa hiyo namba kamili ni 473124829. (Ukipata 10 andika 0, ukipata 11 andika 5.) Mtu akikuandikia namba kwa mkono na hesabu inakataa, amekosea kunakili, mrudie kabla hujaanza kuhangaika kwamba mzigo haupo kwenye mfumo. Mwanangu wa kidato cha pili ndo ananifanyia, dakika moja.

Kama ni kitu cha kutoka nje ya nchi, aliyetuma ndo mwenye nguvu ya kuanzisha ufuatiliaji huko kwao, wewe huku utauliza tu. Mwambie mapema, kwa utaratibu wa posta za dunia ulizo linapokelewa ndani ya miezi sita tangu siku iliyofuata baada ya kutumwa, ikipita hapo mlango umefungwa. Na kama unatumia sanduku la shule au la kanisa ulizia kama limelipiwa mwaka huu, barua ngapi zimerudi kwa sababu ya sanduku lisilolipiwa na mwenye barua anailaumu benki au chuo.

Siku ya kupokea, wanakuwa na haraka, saini hapa dada. Usisaini. Angalia gundi kama imekatwa ikarudishiwa, nyanyua uone uzito, fungua mbele yao, hesabu. Ikiwa pungufu piga picha boksi likiwa bado pale kwenye meza yao, andika kwenye kitabu chao kabisa "vimepokelewa 11 kati ya 12, boksi lilikuwa limefunguliwa", ndo usaini chini ya maneno hayo, na ukurasa huo nao uupige picha.